Chapwa

Mimi ni mvuna chumvi wa Grann Salin.
Ngozi ya magoti yangu imekuwa nyeupe tangu utotoni,
na mwezi wa tano huu napika bila chumvi.

Alikuja siku ya soko, akasimama kando ya magunia,
nyayo zimepasuka kama jaruba lililoachwa juani,
akitazama mahali pasipo na mtu.
Kovu la panga, kiwiko cha kushoto.
Mama mdogo Filomiz akaangusha mizani:
"Odilon!"

Odilon nilimzika mimi,
mwaka ule wa ugomvi wa shamba la mtoni.
Homa siku mbili; midomo ikafa ganzi, akasema anaelea;
alfajiri kioo hakikushika pumzi.
Tulimtilia jenezani sindano isiyo na tundu, na uzi,
ili bokò akimwita usiku
amkute bado anahangaika kutunga, asiitike.
Labda alichoka kutunga.

Majirani wakahama kivuli cha ua wetu.
Zonbi, wakanong'ona. Msukule.
Usimwonjeshe chumvi:
akiionja atakumbuka,
akikumbuka atakwenda moja kwa moja makaburini
akajifukie kwa kucha zake.

Ndipo akaja Daktari Kadichon na kisanduku cha barafu.
Akanieleza habari za bunju, samaki ajivimbishaye,
jinsi sumu yake inavyofunga mwili mlango baada ya mlango
hata moyo ubaki unabisha ndani, nje hakuna anayesikia.
Akanieleza mnanaha, na mtu anavyolishwa usahaulifu kwa kijiko.
Kisha akasema, haraka kidogo, kwamba wenzake wanabishana,
kwamba unga alioupima yeye ulikuwa mifupa, chura, upupu,
na sumu haba isiyoua hata panya.
"Huenda," alisema. "Huenda."
Nilimpenda kwa neno hilo.
Akanitoboa kidole. Akamtoboa na yule.

Barua ilifika Septemba.
Damu zetu hazijuani.
Huyu ni mtoto wa watu wengine, akili ilimponyoka,
akazurura hadi kwenye macho yetu yenye msiba.
Filomiz aliikunja mara nne, akaegemezea mguu wa meza.
Mimi niliiamini.
Niliiamini, na jioni nikampikia uji wa mahindi,
bila chumvi.

Damu nzito kuliko maji, husemwa.
Wasemao hawajavuna chumvi.
Mimi nimeyaona maji yakizidi uzito siku hadi siku,
ya tisa yakasimama yenyewe,
nikayazoa kwa koleo.

Usiku mikono yake hukata.
Yeye amelala, mikono inashika bua, inafyeka, inatupa,
inashika bua.
Bibi alisimulia kwamba waliotutangulia katika miwa ya mabwana
hawakukiogopa kifo; kifo kilikuwa njia ya kurudi Ginen.
Waliogopa kengele ya kazi
isije ikawafuata na huko.
Nimemuuliza daktari kwa simu:
ni nani aliyemfanyisha kazi huyu, shamba gani, miaka mingapi?
Akanyamaza sana. Hilo, akasema, halimo katika damu.

Jana alikula vijiko viwili, akaweka bakuli chini.
Akanitazama mimi, si nyuma yangu. Mimi.
Sauti ikatoka na kutu:
"Chapwa."

Filomiz alipiga ishara ya msalaba, akakimbilia nje.
Mimi nilicheka mpaka nikakohoa.
Gunia lilikuwa wazi nyuma yangu,
vidole vitatu vilikwisha zama.
Msukule hajui chapwa, nilijiambia; barua imesema; damu imesema.
Nikaufinyanga ule mchoto kiganjani, ukawasha kwenye mikwaruzo,
nikainama karibu na bakuli lake—

halafu nikainuka,
nikaenda kwanza kufunga lango.