Kifundo cha Mkono

Majira ya baridi thelathini na moja
niliendesha greda la theluji mjini Nagaoka,
usiku wa manane, nimekaa,
biskuti za mchele mfukoni,
redio ikinong'ona bei ya vitunguu.
Nilizibua barabara za watu wote.
Mishipa yangu, nani angeizibua?

Daktari Hoshina, rika la binti yangu wa mwisho,
aliielekeza picha ya moyo dirishani
kama mtu anayekagua yai.
"Haujafa," alisema. "Umezembea."
Kukimbia? Magoti yalijibu kabla yangu.
Baiskeli? Kwenye theluji ya kimo cha mlango?
Basi akaandika neno moja, maji,
na chini yake: mara tatu kwa wiki, mpaka uheme.

Bwawa la manispaa linanuka klorini na soksi.
Kofia ya mpira ni sheria. Ilinibana hadi nyusi zikapanda,
nikafanana na mtu aliyepokea habari mbaya.
Nguo nilishazivulia maji;
sikuwa na budi kuyaoga.

Wakaniweka njia ya kwanza, ya wanaotembea.
Ndiyo, hapa watu hutembea majini, huku na huko,
viwiko nje, kama wanaotafuta pete iliyoanguka.
Bibi Fumie, miaka themanini na moja, kofia ya manjano,
akanipita. Akageukia ukutani, akanipita tena.
"Samahani," alisema kila mara,
na kila samahani ilikuwa na msumari.

Mwezi wa pili nikahamia njia ya nne.
Vuta. Vuta. Geuza uso, iba pumzi.
Vuta. Vuta. Toa mapovu.
Vuta,
na pumzi haikopeshwi.
Chini, mstari mweusi umenyooka
kama lami niliyoikwangua mwenyewe.
Katikati pana kigae kimoja kilichopasuka.
Hapo ndipo moyo ulipogonga kama mpangaji
aliyefungiwa nje na mvua inanyesha,
hapo ndipo niliposimama, siku baada ya siku,
maji kifuani,
nikijifanya ninarekebisha miwani.

Kila saa, zikibaki dakika kumi, filimbi.
Wote nje, hodari na mwanagenzi.
Tunakaa benchi moja, tunachuruzika,
vidole viwili juu ya kifundo cha mkono,
macho kwenye mshale mwekundu wa saa.
Hakuna anayesema.
Watu ishirini na watatu wamejiinamia
kama wanaosikiliza mlango wa jirani.
Januari nilihesabu mia moja thelathini na nane,
na baada ya dakika tatu bado mia moja na kumi na tisa:
injini iliyozimwa, inayokataa kuzimika.
Machi, umbali uleule, dakika zilezile,
tisini na sita.
"Ngapi?" Bibi Fumie aliniuliza.
Nikamwambia, kifua mbele.
"Wangu sabini na nne," alisema.
Sikuwa nimemuuliza.

Jana nilikitafuta kigae kilichopasuka
na mkono ukagusa ukuta.
Kilikuwa kimepita chini ya tumbo langu
wakati nahesabu kitu kingine.
Sikushangilia. Nilikohoa maji,
nikageuka, nikarudi nilikotoka.

Usiku greda lilipita chini ya dirisha letu.
Dereva mpya, anakanyaga breki mapema mno.
Mabomba yanarusha maji ya ardhini barabarani,
theluji inayeyuka, lami inabaki nyekundu kwa kutu.
Nililala chali, sina usingizi, sina maumivu.
Nikaunyoosha mkono gizani, nikaushika wa Yasuyo,
nikatafuta pale chini ya kidole gumba.
Moja. Mbili. Tatu.
Miaka arobaini ya ndoa, sikuwahi kuuhesabu.
"Unafanya nini?" akaniuliza.
Nyamaza, nikamwambia, utanichanganya.
"Vidole vyako," alisema, "vinanuka bwawa,"
wala hakuuondoa mkono.