Kifurushi cha Nne

Suk-yin katangulia, kama enzi za kiwanda,
kashika meza ya dirishani; nje mvua ya Richmond haina haya.
Akaja Bo-kwan na mkongojo. Mwisho mimi,
nimechelewa, kama enzi zile zile.
"Umenenepa!" Hiyo ndiyo salamu yetu.

Vikapu vya mianzi vikatua, mvuke ukapofusha miwani.
Miguu ya kuku Bo-kwan haitafuni, meno ya kuazima;
aifyonza tu, kafumba macho.
Akanimiminia chai. Nikagonga meza kwa vidole viwili,
asante isiyokatiza umbeya.

Tukazungumzia magoti, wajukuu, bei ya nyumba.
Zipu ngapi kwa siku tulishona kule Kwun Tong? Tukabishana.
Vidole vinajua, havisemi.

Kila kikapu huja na vinne. Sisi watatu.
Kifurushi cha mwisho kikabaki, ngozi ikinyauka,
kamba akionekana ndani
kama taa ya chumba cha mgonjwa.
Hakuna aliyemtaja Lai-fong.

Suk-yin akakidaka kwa vijiti, akakitua sahanini mwangu:
"Kula wewe. Yeye asingekungoja."

Tukacheka hadi mhudumu akageuka.
Kifuniko cha birika tukakiacha wazi:
maji zaidi. Hatuondoki bado.