Kiwanja Namba 17, Kitalu F

Mimi ni saba juu ya themanini.
Ndivyo kadhi alivyoandika, kwa wino wa bluu:
mama kumi,
kaka watatu, kumi na nne kila mmoja,
sisi wa kike wanne: saba, saba, saba, saba.
Jumlisha. Inatimia.
Hesabu ya Mungu haina chenji.

Lakini nyumba ni moja,
vyumba sita na ukumbi katikati,
Ilala, mgongoni mwa soko la Boma,
mita kumi na sita kwa ishirini
na choo kimoja kisichomwuliza mtu fungu lake.

Kushoto warithi walikuwa wawili tu, wakauza.
Sasa pana ghorofa kumi na mbili;
jua letu linafika saa tano,
nguo tunaanika kwa kubahatisha.

Bwana Mgaya kaja na ramani kwenye simu:
"Nipeni ardhi, nawapa sakafu mbili,
kumi zangu kwa miaka ishirini na tano.
Familia arobaini zitalala
hapa mnapolala wanane."

Wanane? Nani analala hapa?
Pazi yuko Chamazi, Kondo kamfuata,
Chausiku na Mwamvita Mbondole,
Zena kapata kiwanja Kisarawe, umeme bado.
Mimi Chanika. Natoka saa kumi alfajiri
nikafagie ofisi iliyo hatua mia tatu
kutoka kitanda nilichozaliwa.
Fungu halina mlango, ndiyo sababu.
Kila mrithi kanunua pori lake,
na mji unasukumwa, unasukumwa,
donge dogo la unga kwenye meza kubwa,
mpaka katikati unatoboka.

Sahihi zinatakiwa nane. Tunazo sita.
Shomari alivuka kwenda Durban mwaka wa mafuriko;
kumi na nne zake hazipokei simu.
Hatujamzika, hatujamwona,
na benki haikopeshi juu ya labda.
Mama naye kumi zake kazikalia mkekani:
"Jengeni nikifa.
Huko chini ya sakafu za watu
mvua nitaisikia wapi?"

Mponda, fundi cherehani, chumba cha uani,
huu mwaka wa kumi na tisa, kodi haijachelewa hata siku.
Hesabu ya kadhi haimjui.
Kakata uzi kwa meno, kauliza, wala si kwa hasira:
"Ghorofa likipanda, kodi ikipanda,
mie nipande nini?"
Mwamvita akakohoa.
Mgaya akatazama saa.

Jioni walipokwisha kuondoka nikavua viatu,
nikapima changu kwa nyayo.
Mita za mraba ishirini na nane:
zinaanzia kwenye karo,
zinapita chini ya kamba ya nguo,
zinaishia katikati ya cherehani ya Mponda,
gurudumu langu, sindano ya Zena.

Nikasimama pale mpakani, nimekwama.
Akasogeza kigoda kwa mguu.
"Kaa," akaniambia. "Hapa kwako."