Fundi wa Kuziba

Mimi ni fundi wa kuziba.
Kamukunji wananijua: sufuria iliyotoboka,
karai, ndoo, birika la mama wa chai,
vyote hupita chini ya nyundo yangu
vikarudi nyumbani kushika maji.

Kwa hiyo daktari aliposema "tundu"
nilielewa upesi kuliko mke wangu.
Nikauliza swali la kifundi: kipenyo?
Milimita kumi na moja,
kwenye ukuta kati ya vyumba viwili vya juu.
Moyo wenyewe ni ngumi ya mtoto wa miaka minne.

Nikamkumbuka dada yangu Kalunde.
Yeye alipasuliwa kifua kwa msumeno,
na mpaka leo hafungui kifungo cha juu,
hata Januari, jua likikaanga lami.

"Siku hizi msumeno tunauacha kabatini,"
akasema Daktari Wesonga, akaniwekea kiganjani
visahani viwili vya waya, vimeshikana kiunoni,
vyepesi kuliko kifungo cha shati.
Ukivivuta, vinakuwa uzi.
Ukiviachia, vinakumbuka umbo lao.
Nilivivuta mara nne.
Mara nne vikakumbuka.
Miaka ishirini na sita napiga bati
na bati langu hukumbuka kutu tu.

Wakapitia pajani, ndani ya mshipa,
wakipanda polepole, macho kwenye kiwambo:
sahani moja ng'ambo ya ukuta,
nyingine upande huu,
bana,
achia.

Mimi nilikuwa benchi la nje tangu saa mbili,
mikono bila kazi, nikisoma michango kwenye simu:
mia, hamsini, mia tano ya wauza masanduku,
na shilingi ishirini kutoka kwa Mutisya mlevi,
na ujumbe: "ya kutolea."

Saa tano wakamtoa Nthenya.
Pajani, bandeji ndogo kama stempu.
Nikaweka sikio kifuani pake,
pale palipokuwa na ule mvujo, shhh,
kama bomba la ploti usiku.
Nilisikiliza jinsi ninavyopima ndoo:
unaijaza, unangoja,
unapitisha kidole chini.

Kidole kikavu.

Akafumbua jicho moja akauliza
kama sumaku yangu ya dukani sasa itamnasa.
Sikujua.
Nikamwambia tutamuuliza daktari.
Akalala tena.