Kura Yangu ya Hapana

Walinifanya mweka hazina wa kwanza kwa sababu
mgodini nilikuwa mhesabu taa:
ngapi zimeshuka, ngapi zimepanda.
Hesabu isipokubali, king'ora.

Mgodi ulipofungwa tuliachiwa bonde,
mto mweusi kama wino,
na chumba cha taa chenye kulabu tupu mia nne.
Humo tukakaa watu saba, makoti mwilini, pumzi zikifuka,
tukauanzisha Mfuko wa Bonde la Murgani.

Mtaji wetu: sarafu za ile chupa ya matango ya siki
kwenye kaunta ya mwokaji mikate,
kidogo walichotuma mabinti zetu
wanaoogesha wazee wa watu huko Torino,
na shamba la marehemu Zamfira, aliyekufa bila mrithi.
Kanuni moja tu tuliipigilia ukutani:
Ng'ombe hachinjwi. Tunagawana maziwa.

Ombi la kwanza lilikuwa la Veturia Dobrin,
mpishi wa shule, viatu vya mpira,
karatasi kaikunja mara nne.
Alitaka chupa arobaini na dawa za kupimia,
apime mto kila Jumatatu.
Nilicheka. Mto mweusi unapimwa nini?
Kura sita ndiyo. Moja hapana.
Iandikwe: ya kwangu.

Mwaka wa pili akarudi. Wa tatu akarudi.
Mwaka huohuo wa tatu walishuka wageni toka mji mkuu,
na bango, na fulana za njano,
na mradi wa miezi kumi na minane.
Wakapanda miche elfu mbili ukingoni, wakapigwa picha.
Mwezi wa kumi na tisa mbuzi wakaimaliza.
Fulana bado tunazo.
Tunapigia deki.

Veturia hakuwa na picha, alikuwa na daftari.
Jumatatu. Jumatatu. Jumatatu.
Januari alipasua barafu kwa shoka la jikoni.
Nasi tukampa kile kile kidogo
bila kumuuliza, "Matokeo yako wapi?"

Niseme kweli: mimi niliuliza, kila mwaka.
Wale sita wakaninyamazisha.

Mwaka wa tano mambo yakamwendea kombo.
Chupa ziliganda ghalani zikapasuka,
miezi minne kurasa nyeupe.
Hakujitetea. Aliandika neno moja: "Nimeharibu."
Benki isingempa tena, wala wizara,
wala mimi.
Wale sita wakampa.

Usiku ule nilibaki peke yangu na zile kulabu
na mkono wangu wa zamani ukaanza kuhesabu.
Ndipo nikakumbuka:
taa isiyopanda hatukuifuta daftarini.
Tulishuka kuitafuta.

Mwaka wa sita nilisema ndiyo.
Sauti ilinitoka ndogo, kama ya mtu anayedaiwa.

Watoto aliowapakulia supu wakakua na chupa mkononi.
Anisia wa fundi viatu akaenda kusomea kemia,
na, ajabu, akarudi.
Mwaka wa kumi na moja tulisimama mahakamani
na kampuni iliyokuwa ikiosha vifusi usiku.
Wakili wao akasema hakuna ushahidi.
Veturia akapanga madaftari kumi na moja mezani,
moja limevimba kwa maji, moja linanuka vitunguu.
Hakimu akauliza, "Unaweza kunionyesha Jumatatu moja?"
"Chagua," akasema.

Bomba likazibwa masika yale.

Sisemi mto umepona.
Bado haunyweki. Karibu na kinu
una rangi ya chai iliyorudiwa majani.
Magoti ya Veturia yamegoma; anakwenda mjukuu,
anachelewa, mara nyingine ni Jumanne.

Jana ombi jipya lilikuwa mezani:
kijana wa mtaa wa juu, Costin,
anataka tarumbeta sita zilizotumika,
watoto wapigie mahali king'ora kilipokuwa.
Mweka hazina wetu mpya, msichana mwerevu, akacheka.
Sikumkemea. Ningeanzia wapi?
Niliinua mkono wangu,
nikauacha hewani mpaka akaacha kucheka,
akaanza kutazama ukutani, kulabu moja moja,
midomo ikichezacheza
kama mtu anayehesabu.