Chumba cha Pazi, Wiki ya Tamasha

Gesti zimejaa mpaka Magomeni.
Basi lala hapa, kitanda cha mwanangu Pazi,
yuko Mtwara, anachomelea mabomba.
Neti ina tundu moja, nimelipiga fundo.
Maji ni haya ya pipa. Usioge kama mvua.

Asubuhi usinywe chai ya hotelini,
wiki hii bei yake imevaa tai.
Pita kwa Mwajabu, nyuma ya soko la samaki,
vitumbua vyake huungua ukingoni;
sema umetumwa na mama Pazi,
atakuongezea kimoja, na maneno.

Ngoma zinaanza saa mbili, yaani saa nne.
Kwanza nenda Kaole,
ukaone makaburi ya nguzo, na kisima
ambacho wanasema hakikauki.

Wanasema. Mimi sijaingia.
Nimezaliwa hapa Dunda, nina hamsini na tatu,
na kila mwaka hela ya kiingilio
inageuka daftari la mtu.

Ukirudi usiku sukuma mlango kwa goti,
usigonge, nitakuwa macho.
Wali utaukuta chini ya kawa.
Kula kwanza,
kisha nisimulie:
hicho kisima,
ukichungulia,
unajiona?