Daftari la Radi

Mchwa wameanzia mwaka sabini na nne.
Wamekula jalada, wamekula salamu za mwenyekiti,
wakala na bao letu la kwanza dhidi ya Mtopwa,
wakabakiza neno moja: "dakika".
Mimi, Bakiri Namkwacha, katibu wa tano wa Radi ya Mnyambe,
nimekaa sakafuni kwenye stoo ya chama
na wembe, gundi ya muhogo, tochi ya simu,
nabandika kilichosalia.

Kombe tulipata moja tu.
Mama wa mwenyekiti akalichotea unga mpaka likatoboka.
Urithi wetu ni huu hapa: nani alitoa nini.

"Abiti Nandonde, maji ndoo mbili."
Asiyeijua Newala atauruka mstari huu.
Ngoja kwanza.
Maji yalikuwa bondeni,
kushuka saa nzima, kupanda saa mbili,
naye akazimwaga ndoo zote
juu ya jezi kumi na moja zenye udongo mwekundu,
kila Jumatatu,
kisha akanawa uso kwa umande.

"Chilumba, sulfa nusu mfuko."
Ya mikorosho yake mwenyewe. Tukaichorea uwanja.
Mwaka ule ubwiri unga ukamla maua yote,
lakini kona zetu, wallahi,
zilionekana toka barabara kuu.

"Somoe Mkwinda, ming'oko beseni moja, chumvi imo."

"Agostino, hana kitu. Atacheza beki."
Huyo alivuka Ruvuma usiku, miguu mitupu, vita nyuma yake.
Tukamwandika upande wa wachangiaji
na hakuna katibu aliyethubutu kumhamisha.

Sasa kuna hili dole gumba.
Kila msimu, korosho zikishalipwa:
shilingi ishirini, hamsini, baadaye mia mbili,
na penye jina, dole, wino wa zambarau,
kovu limelikata katikati
kama mstari wa kugawa uwanja.
Miaka thelathini na mmoja. Hata mchwa wamelipisha.

Nikazunguka kijiji na daftari kwapani
nikiomba watu wanionyeshe vidole.
"Katibu, siku hizi unapiga ramli?"
Mpaka binti wa Chilumba akasema:
kovu hilo nimeliona ghalani, kwenye mizani,
Mtopwa.

Mtopwa!

Nikamkuta anabangua korosho, masizi mpaka viwikoni.
Mnalyolyo. Yule yule wa tarumbeta,
aliyetuzomea miaka nenda miaka rudi,
aliyemwita kipa wetu chujio
mbele ya wakwe zake.
Nikamfungulia ukurasa. Hakuona aibu.
"Radi mngekufa," akasema,
"Jumapili sisi tungemfunga nani?"

Akapapasa alama zake, moja moja,
kama mtu anayehesabu wajukuu.
Akauliza, mwaka huu mnacheza?
Nikamwambia jezi zimefutika namba,
mpira tunaushona, vijana wamekimbilia mjini,
na waliobaki wanatazama ligi za Ulaya ukutani.
Akatoa elfu mbili, imekunjwa mara nne.
Wino sikuwa nao.
Akabonyeza dole lake hivyo hivyo, na masizi ya korosho,
na ukurasa mzima ukanukia msimu.

Nanakili upya sasa, daftari tatu:
moja shuleni, moja msikitini,
moja nitaipeleka Mtopwa, wanitukane wakitaka.
Asante siijui namna nyingine
zaidi ya kuandika jina la mtu bila kulikosea.
Abiti Nandonde, nimerudia herufi zako mara mbili.
Chilumba, sulfa nimeiandika kwa wino mwekundu.

Nanyi mlioliwa na mchwa,
nimewaachia mistari saba mitupu mwanzoni.
Anayejijua aje.
Kalamu si lazima,
aje na kidole.